Injini ndogo ya akiba kwa boti ya mita 7, Kibirizi hadi Mwamgongo: ninunue ipi?

MamaDagaa_Kibirizi

Wakuu, habari za kazi. Nina boti ya mbao ya mita 7 yenye Yamaha Enduro ya HP 40, stroki mbili. Inabeba dagaa wakavu na bidhaa za duka kwenye Ziwa Tanganyika, kati ya Kibirizi (Kigoma) na vijiji vya kaskazini, mwisho Mwamgongo. Ikijaa, boti, mzigo na watu ni kama tani mbili. Nataka injini ya pili ya kutufikisha ufukweni ile kubwa ikigoma, maana miezi hii ya kusi ukizimikiwa katikati unasukumwa usikokwenda.

Bajeti ni milioni mbili na nusu, breketi (kishikio cha kuifungia nyuma ya boti) ikiwemo. Nimetajiwa: Honda HP 2.3 ya mtumba (nyepesi, mtu mmoja anaibeba), Tohatsu 9.8 au Yamaha 8 za mtumba, HP 15 ya Kichina mpya, na kuna anayenishauri nifunge mkia mrefu (bomba refu lenye propela mwishoni) wenye injini kama ya pampu ya kumwagilia. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: HP ngapi inatosha? Stroki mbili au nne? Na je, zote mbili zinaweza kunywa tenki moja?

FundiMwalo_Ujiji

Mama, shikamoo. Nianze na HP, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Boti yako ikiwa na tani mbili na injini ndogo haitapanda juu ya maji kama inavyofanya ikiwa tupu na ile 40. Itakwenda ikiyapasua maji, na mwendo wa namna hiyo una kikomo kinachotokana na urefu wa boti. Kwa mita 7 ni kama noti 6, yaani kilomita 11 au 12 kwa saa. Ukikaribia hapo, kila HP unayoongeza inaishia kuinua mawimbi nyuma yako na kumaliza mafuta. Kwa hiyo usiitafutie kasi injini ya akiba. Itafutie uwezo wa kusonga mbele upepo ukiwa usoni.

Kipimo ninachotumia kwa boti za mzigo ni HP 4 kwa kila tani. Tani mbili, HP 8. Kisha kumbuka ziwa letu liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Ile 8 kwako ni 7 na kitu. Ndiyo maana kati ya 8 na 9.8 ningechagua 9.8 kama bei zinakaribiana.

Honda 2.3 ni injini nzuri ya mtumbwi wa mtu mmoja au wawili. Inapozwa kwa hewa, haina impela (gurudumu la mpira la kusukuma maji ya kupozea) ya kuharibika, na uzito wake ni kilo 13 na kitu. Kwa boti yako itasogea ziwa likiwa shwari, lakini kusi likivuma kati ya Mei na Septemba, na wewe unarudi kusini kutoka Mwamgongo ukiwa umelielekea, mtasimama palepale au mtarudi nyuma huku injini inalia. Tena haina gia ya kurudi nyuma, unaigeuza yote. Hiyo itoe kwenye orodha.

HP 15 inafaa kama unataka iwe pia injini ya kazi siku ile 40 ipo kwa fundi. Kwa akiba tupu ni nzito: Enduro ya 15 ina kilo 36 hivi, wakati Tohatsu 9.8 ya stroki mbili ina kilo 26. Tofauti ya kilo kumi ni kubwa sana kwa mtu anayeinyanyua amesimama kwenye boti inayoyumba.

Jambo la pili ni shafti, yaani urefu wa mguu wa injini, na hapa usikubali maneno ya muuzaji, shika futi mwenyewe. Ubao wa nyuma wa boti yako, pale injini inapofungwa, ukiwa na kimo cha sentimita 51 unataka shafti ndefu, ya inchi 20. Ile fupi ni ya inchi 15, sentimita 38. Mitumba mingi ni shafti fupi kwa sababu ilitoka kwenye viboti vidogo vya starehe. Angalia ule ubapa ulio juu kidogo ya propela: boti ikiwa imetulia, ubapa huo uwe sawa na sakafu ya boti kwa nje au chini yake kwa sentimita 2 hadi 3. Ukikaa juu zaidi, wimbi likiinua nyuma propela inavuta hewa, injini inapiga kelele na boti haisogei.

Ukipata nafasi ya kuchagua propela, chukua yenye pichi ndogo (umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja), inchi 6 au 7. Propela za pichi kubwa zinatengenezwa kwa viboti vyepesi vya kukimbia. Kwenye mzigo zinaibana injini isifike mzunguko wake, inachemka na kujaza kaboni.

Mgebuka_Katonga

Naunga mkono 9.8 au 8. Niongezee upande wa mafuta, maana mama ameuliza tenki moja na jibu lake si fupi.

Kwanza stroki. Kwa kuwa ile 40 yako inakunywa petroli iliyochanganywa oili, akiba nayo ikiwa stroki mbili utakuwa na aina moja ya mafuta ndani ya boti. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukichukua stroki nne, inataka petroli safi, na siku ya taharuki mtu atachanganya madumu. Stroki nne ikipewa petroli yenye oili itatoa moshi na kuchafua plagi, lakini itakufikisha. Stroki mbili ikipewa petroli tupu inakwama pistoni, na hapo umebaki bila injini hata moja.

Stroki nne zina sifa yake: hazili mafuta mengi. HP 6 ya stroki nne kwa mwendo wa mwisho inakula lita 2 hivi kwa saa, ilhali 9.8 ya stroki mbili inafika kama 5. Lakini injini ya akiba inatembea saa chache mno kwa mwaka, kwa hiyo akiba ya mafuta hairudishi tofauti ya bei ya kununulia. Tena ukiilaza stroki nne upande usio wake, oili inaingia kwenye silinda na kabureta, na mwaloni vitu hulazwa popote.

Sasa tenki. Mafuta yawe ya aina moja, ila tenki liwe la pili, na mpira wake wa pili, na kipira chake cha kupampia. Sababu kubwa ya injini kuzimika ziwani ni mafuta: maji kwenye dumu, uchafu, mpira umepasuka na unavuta hewa, au kishikizo cha mpira kimelegea. Kama akiba inavuta kutoka tenki lilelile, ugonjwa uliolaza kubwa utailaza na ndogo ndani ya dakika tano. Vishikizo vya Yamaha na vya Tohatsu pia havifanani, kwa hiyo ukinunua Tohatsu nunua na mpira wenye kishikizo chake, usitegemee kuhamisha.

Kiasi: chukua safari ya kilomita 25. Ziwa tulivu, kilomita 8 kwa saa, ni saa tatu. Kusi likiwa usoni unaweza kushuka hadi kilomita 5 kwa saa, saa tano. Kwa robo tatu ya mwendo 9.8 inakula lita 4 hivi kwa saa, kwa hiyo dumu la lita 20 ndilo la chini kabisa, na lisiguswe kwa kazi nyingine.

Kuchanganya ni 50 kwa 1: mililita 20 za oili kwa kila lita, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mimina nusu ya petroli, tia oili yote, tikisa, malizia petroli. Oili iwe yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki za stroki mbili imeundwa kwa injini inayopozwa na hewa yenye joto kubwa. Kwenye injini inayopozwa na maji huacha majivu juu ya pistoni, na majivu hayo yakiwaka mekundu yanachoma mchanganyiko kabla ya plagi. Utasikia mlio wa kugonga, kisha pistoni inatoboka.

Kabla ya kujaza tenki la akiba, weka petroli kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Maji yanakaa chini, utayaona kwa macho. Faneli yenye wavu laini haina gharama kubwa na imeokoa injini nyingi.

Na mafuta ya akiba yasizeeke. Kila baada ya miezi miwili mimina lile dumu kwenye tenki la 40 ulitumie, uweke jipya. Petroli ikikaa muda mrefu inapoteza sehemu yake nyepesi, injini baridi haiwaki, na masalio yanaziba jeti ya kabureta. Injini ya akiba inakufa kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi. Iwashe kila wiki, dakika 10 hadi 15 ikiwa kwenye gia na inasukuma boti, si kwa kulia tupu. Ukimaliza, chomoa mpira wa mafuta uiache imalize kilichomo ndani ya kabureta hadi izime yenyewe.

Malagarasi_Mkia

Ngoja niuseme vizuri mkia mrefu, maana umetajwa. Una haki yake mahali pake.

Injini ya aina ya Honda GX200 ni ya sentimita za ujazo 196, HP kama 6, stroki nne, inapozwa kwa hewa, inabeba oili lita 0.6. Nakala zake za Kichina zipo kwenye pampu na mashine za kusaga kila wilaya, kwa hiyo plagi, kabureta na kamba ya kuwashia unapata hata Uvinza. Ukiifunga kwenye bomba refu lenye propela mwisho, ni chombo kizuri sana mtoni na kwenye majani ya delta ya Malagarasi: kina kifupi, magugu, magogo, unainua tu mkono propela inatoka.

Lakini kama akiba ya boti inayokwenda kaskazini kwenye maji wazi, sikushauri. Bomba linatoka nyuma mita mbili hivi, na ile 40 ikiwa pembeni yake huwezi kulizungusha. Kwenye wimbi propela inatoka majini kila mara, na kuibana isitoke kunataka mkono wenye nguvu kwa saa nzima. Kwa kawaida haina gia, propela inazunguka tangu unapowasha. Na injini ile haikutengenezwa kwa kurushiwa maji.

Mtu akikuletea wazo la injini ya umeme, hesabu ni hii: zile ndogo za volti 12 zenye msukumo wa paundi 55 zinavuta ampea 50 hivi zikiwa mwisho. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo una saa moja ya msukumo usioshinda hata upepo wa wastani.

FundiMwalo_Ujiji

Kweli kabisa kuhusu mkia mrefu. Mama, kwa bajeti hiyo naona utaangukia mtumba. HP 15 za Kichina kama Parsun na Hidea zimefuata muundo wa Yamaha za zamani za stroki mbili na baadhi ya spea huingiliana, si zote. Ukinunua hiyo, kila spea uende dukani na kipande cha zamani mkononi ulinganishe.

Kwa mtumba, kagua hivi, na ukague kabla ya kuzungumza bei.

Injini iwe baridi unapofika. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kuficha kwamba haiwaki baridi. Toa kifuniko, tazama kichwa cha silinda: rangi iliyobabuka au kuungua inaonyesha iliwahi kuchemka. Tazama bamba la namba kwenye breketi ya injini yenyewe. Likiwa limebanduliwa, ondoka, kwa sababu inaweza kuwa ya wizi na itakusumbua polisi na kwenye ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Dai risiti au hati ya mauziano yenye namba hiyo.

Kisha pima mgandamizo kwa geji. Toa plagi zote mbili, bana waya zake kwenye bodi ya injini ili zisiharibu koili, fungua mkono wa mafuta (wa kuongeza kasi) hadi mwisho, vuta kamba mara nne au tano kwa nguvu, soma. Rudia silinda ya pili. Kwa injini ndogo hizi nataka kuona zaidi ya 90 psi, lakini muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Moja ikisoma 110 na nyingine 80, ringi au pistoni ya pili imekwisha.

Shuka chini kwenye gia. Legeza skrubu ya chini ya oili ya gia, acha matone machache. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia, sili ya shafti ya propela imekwisha. Sili si ghali, ila kama imetembea hivyo muda mrefu, beringi na meno vimeshaliwa. Chembe za chuma zinazong'aa ni sababu ya kuiacha. Ukija kujaza oili mpya, pampu kuanzia tundu la chini hadi itokee juu. Ukimimina juu unafungia hewa ndani na gia inabaki nusu kavu.

Mwisho iwashe kwenye pipa la maji, maji yapite juu ya ule ubapa. Usiruhusu iwashwe nchi kavu hata kwa "sekunde kidogo", impela ni mpira na inaungua bila maji. Ndani ya nusu dakika maji yatoke kwa kuruka kwenye tundu la nyuma, si kudondoka. Ingiza gia mbele na nyuma, isikwaruze wala kuruka. Hata ikipita yote, badilisha impela siku hiyohiyo. Mialo yetu ni mchanga, na mchanga unaofyonzwa wakati wa kuondoka ufukweni ndio unaokula mabawa yake.

Ndani ya boti weka: plagi mbili mpya za namba iliyo kwenye kitabu cha injini (zile zinazoishia na -10, kama B7HS-10, mwanya wake ni milimita 1.0), spana ya plagi, kamba ya kuwashia ya kuvutia gurudumu kwa mkono ile ya juu ikikatika, pini za propela na kotapini, koleo, na ule waya mwekundu wa kuzimia wa ziada. Waya huo ukipotea, baadhi ya injini haziwaki kabisa.

MamaDagaa_Kibirizi

Asanteni sana, wanangu, mmenifungua macho. Nimepata Tohatsu 9.8, silinda zimesoma 105 na 100, oili ya gia safi. Tatizo ni shafti fupi. Muuzaji anasema nichonge ubao wa nyuma pembeni ya ile 40, nishushe sentimita 13, itakaa sawa. Au niweke breketi ya kushuka?

FundiMwalo_Ujiji

Usichonge, mama. Ubao wa nyuma ndio ukuta unaozuia wimbi la nyuma lisiingie. Ukiukata sentimita 13, siku boti imejaa na nyuma imezama, maji yanaingia hapo kabla hujaona. Tena unaukata jirani kabisa na mahali ile 40 inaposukuma kwa nguvu zake zote, mbao zinaanza kufunguka kwenye maungio.

Breketi ya kushuka inawezekana. Unahitaji ishuke sentimita 13, na 2 au 3 za kuzamisha ubapa, jumla 15 au 16. Nunua yenye springi, inayoandikwa inabeba kilo 40 au zaidi, kwa sababu kilo 26 ni uzito tu. Msukumo na mtikisiko wa wimbi vinaongeza. Ubaya wake ni kwamba kichwa cha injini nacho kimeshuka kiasi hichohicho, kwa hiyo kwenye wimbi la nyuma kabureta itakuwa karibu na maji. Kwa 9.8 yenye afya kama hiyo, ningekubali ubaya huo kama bei imepungua kulingana na shafti. Bei ikiwa ileile ya shafti ndefu, subiri.

Kufunga: weka upande ambao mwendeshaji anakaa, umbali wa kutosha ili injini zote mbili zikipinda hadi mwisho propela zisigusane. Pima ukiwa umeziinua na ukiwa umezishusha. Nyuma ya ubao, kwa ndani, weka kipande cha mninga cha unene wa sentimita 4 au 5, kipana kuliko breketi. Bolti nne za milimita 10, za chuma kisichoshika kutu, zipite moja kwa moja, kwa ndani washa pana na nati za kujifunga. Skrubu za mbao zitang'oka. Matundu yapake silikoni ya boti kabla ya kupitisha bolti, la sivyo maji yanaozesha ubao kuanzia ndani.

Zile skrubu mbili za mkono za injini zinalegea kwa mtikisiko, zikaze kila asubuhi. Funga mnyororo au kamba nene kutoka kwenye injini hadi kwenye pete iliyobolitiwa kwenye boti, si kwenye breketi. Na kwa usiku wa mwaloni tumia kufuli la kuziba mikono yote miwili, au ishushe kabisa uende nayo nyumbani.

Mgebuka_Katonga

Kuhusu uendeshaji: akiba ikiwa pembeni, boti itataka kuvuta upande mmoja. Ziwa likiwa shwari inua ile 40 ili isikokote maji. Wimbi likiwepo iache chini, imenyooka na imefungwa kwa kamba, ikusaidie kama usukani wa kunyoosha njia. Panga mzigo mzito usogee kidogo upande wa pili wa akiba.

Siku ukishaifunga, jazeni boti kama kawaida, mtoke mbele ya Kibirizi asubuhi kabla ya upepo, uzime ile 40 na mwende kwa 9.8 peke yake dakika 30 kwenda na dakika 30 kurudi, ukipima kwa GPS ya simu. Andika kasi na lita zilizoondoka. Kwa namba hizo utajua dumu la lita 20 linakufikisha wapi. Kama kasi haifiki kilomita 7 kwa saa ikiwa shwari, shusha breketi tundu moja kabla ya kufikiria propela nyingine.